Shamimu na habari za njia: Hofu ya mwalimu wa mazoezi Natta

Saa moja kasorobo asubuhi. Shamimu Maftah anasimama katikati ya njia na kuinua mkono. Wanafunzi kumi na wanne walio nyuma yake wanasimama pia. Mbele yao, kando ya migunga, kuna rundo la mavi ya tembo.

Anaokota kijiti na kulichokoa. Juu limekauka, ndani limepoa. Anawahesabu wanafunzi kwa macho, kisha anawaruhusu wapite bila kukimbia wala kupiga kelele.

"Yakiwa yanafuka, tunarudi nyumbani," anasema kwa sauti ya chini. "Yakiwa na uvuguvugu tunasubiri. Chuoni sikufundishwa hili. Wamenifundisha watoto."

Mwandishi wa simulizi hii alikuwa wa mwisho katika msafara huo, na anakiri kwamba hakuipenda nafasi hiyo hata kidogo.

Shamimu ana umri wa miaka 23. Ni mwanachuo wa mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu, na somo lake ni Kiingereza. Yuko katika wiki ya tano kati ya nane za mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari ya kata, upande wa Natta wilayani Serengeti, jirani na mapori ya akiba. Jina la shule tumelihifadhi kwa ombi la walimu wake.

Leo anaogopa kuliko siku zote. Msimamizi kutoka chuoni anakuja kumkagua akiwa darasani. Mwaka jana, katika mazoezi ya kwanza, Shamimu alipata alama D kwa kutumia Kiswahili kupita kiasi katika somo la Kiingereza. Akipata D nyingine atarudia mwaka, na baba yake, fundi cherehani mjini Mugumu anayeishi kwa kushona sare za shule, amekwisha kumwambia kwamba ada ya mwaka wa kurudia hana.

"Usiku sikulala," anasema. "Nimeandika maandalio mawili ya somo. Moja ni la kumfurahisha msimamizi. Jingine ni la kweli. Mpaka sasa sijui nitafungua lipi."

Ili msomaji aelewe kwa nini binti huyu ana maandalio mawili kwenye mkoba, inabidi turudi nyuma hadi wiki mbili za mwanzo.

Kidato cha Kwanza B kina wanafunzi 78 na vitabu tisa vya Kiingereza. Wengi ni watoto wa wakulima na wafugaji. Nyumbani wanazungumza Kikurya, Kinata au Kiikoma. Kiswahili walikikuta shule ya msingi, na Kiingereza kwa wengi wao ni kitu kilichokuja Januari pamoja na sare mpya.

Shamimu naye ana upungufu wake. Amezaliwa Mugumu katika nyumba ya Waislamu waliotoka pwani enzi za babu yake, na nyumbani kwao ni Kiswahili kitupu. Kikurya hajui zaidi ya salamu. "Watoto wakinong'ona mimi ni kiziwi," anasema.

Siku ya kwanza aliingia darasani akiwa na nyimbo, picha na michezo aliyoichora kwa rangi. Aliuliza swali jepesi. Hakujibiwa. Akarudia, akatabasamu, akamwelekeza mmoja kwa mkono. Mtoto akainama. Dakika themanini zilipita namna hiyo, watu sabini na wanane wakimtazama mmoja.

"Nilidhani wananichukia," anasema. "Baadaye nikakiona kile kibao."

Kibao hicho ni kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Kila darasa lina chake. Mwanafunzi akinaswa anazungumza lugha isiyokuwa Kiingereza anavishwa shingoni, naye anakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Yule atakayekutwa nacho kengele ya jioni inapolia ndiye anayepewa adhabu. Wakati huo adhabu ilikuwa kuchota ndoo mbili za maji kwenye lambo, umbali wa kilometa moja na nusu kutoka shuleni, kwa ajili ya nyumba za walimu.

Utaratibu huo uliletwa na mwalimu wa taaluma, Mwalimu Athanas, mtu wa upande wa Sirari aliyesoma miaka kadhaa ng'ambo ya mpaka. Si mtu katili. Chaki zikiisha hununua kwa fedha yake, na jioni hubaki kuwasaidia watakaofanya mtihani wa kidato cha pili. Ila kwenye kibao habembelezeki.

"Mimi nilivaa sana hicho kitu, na leo naongea Kiingereza," anasema. "Mtihani wa taifa haumuulizi mtoto anatoka boma gani. Unakuja kwa Kiingereza. Basi."

Kisichoonekana katika hesabu za Mwalimu Athanas ni kile ambacho watoto wenyewe walikigundua mapema. Njia rahisi ya kukikwepa kibao si kujifunza Kiingereza. Ni kunyamaza. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Kidato cha Kwanza B ulikuja Alhamisi ya wiki ya pili.

Siku hiyo Shamimu alikuwa mwalimu wa zamu kwa mara ya kwanza. Saa tisa na nusu alasiri aliwapanga wanafunzi mstarini. Kibao kilikuwa kwa Nyamhanga, mwanafunzi wa miaka kumi na minne. Alikuwa amevishwa dakika chache tu kabla ya kengele na Wegesa, msichana anayekaa dawati la mbele, aliyekuwa amekivaa tangu asubuhi.

Shamimu alimkabidhi Nyamhanga ndoo mbili. Kisha, kama alivyoagizwa na kanuni za zamu, akauliza kwa Kiingereza kama kuna yeyote mwenye tatizo au taarifa. Hakuna aliyejibu. Aliona Wegesa akimnong'oneza jirani yake jambo kwa Kikurya. Akapiga makofi mawili na kumwambia azungumze Kiingereza au anyamaze.

Wegesa akanyamaza.

Saa kumi mtoto hajarudi. Saa kumi na nusu bado. Alimtuma mlinzi wa shule, naye akarudi mbio akiwa na ndoo moja iliyobonyea, akisema kuna tembo lamboni na Nyamhanga haonekani.

"Nilikaa chini hapo hapo mstarini," anasema. "Nilijua nimemuua mtoto wa mtu."

Wachungaji waliokuwa wakirudisha ng'ombe ndio waliomkuta, saa kumi na mbili jua likizama. Tembo jike alikuwa amemfukuza, naye akatumbukia kwenye korongo na kuvunjika mfupa wa paja. Alikuwa amelala humo karibu saa mbili bila kuita. Baadaye alieleza kwamba aliogopa tembo wakisikia sauti yake watarudi.

Alipelekwa hospitali Mugumu kwa pikipiki, akiwa amewekwa katikati ya watu wawili, mguu umefungwa kwenye ubao wa kitanda.

Asubuhi iliyofuata Wegesa hakuingia darasani. Shamimu alimkuta nyuma ya ofisi ya walimu, amejikunja, analia bila sauti. Alimkalisha, akamsubiri. Kabla ya kufungua mdomo, msichana huyo alitazama kwanza kulia na kushoto.

"Madamu, mimi niliona wao asubuhi," alisema. "Kule lamboni. Watatu, na mtoto yao. Kusema kwa Kiingereza sijui. Na nikisema kwa Kiswahili, kibao kitarudi kwangu, halafu ni mimi nitaenda."

Tumlaumu nani hapo? Mtoto wa miaka kumi na mitatu alipima hofu mbili, akachagua ile iliyokuwa mbali. Mwandishi huyu amelizungusha swali hilo kichwani siku kadhaa na hajapata mtu wa kumtupia jiwe.

Jumamosi Shamimu alikwenda hospitali. Anasema aliogopa mlango wa wodi kuliko anavyoogopa pori. Alishauriwa na wenzake asiende peke yake, maana ndugu wangeweza kumpiga. Alikwenda peke yake.

Alimkuta mama wa Nyamhanga, Scholastica, mkulima mwenye asili ya Gorong'a wilayani Tarime aliyeolewa upande huu. Mwanawe alikuwa kitandani, mguu mzima umefungwa hogo la plasta. Shamimu alimwamkia shikamoo mama, akapiga magoti, akaeleza yote bila kujitetea: zamu ilikuwa yake, ndoo alizitoa yeye, na mnong'ono aliuzima yeye.

Mama huyo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamjibu maneno ambayo Shamimu ameyaandika kwenye jalada la ndani la daftari lake.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Huyu nilimleta shule ili ajue kusema mbele za watu. Sasa nyie mbona mnamfunga mdomo? Angekuwa anachunga ng'ombe, angepiga yowe na watu wangekuja."

Jumatatu Shamimu alikwenda kwa Mwalimu Athanas na kumwambia kwamba katika vipindi vyake kibao hakitaingia.

Haikuwa rahisi. Mkuu wa shule alikuwa amekwisha kupiga marufuku safari za lamboni, lakini kibao chenyewe kilibaki, na adhabu sasa ni kufyeka majani. Tena Mwalimu Athanas ndiye anayejaza taarifa ya shule kuhusu mwenendo wa walimu wa mazoezi. Neno moja la ukaidi kwenye karatasi hiyo lingetosha kumharibia.

"Wewe utaondoka," Mwalimu Athanas alimwambia. "Mimi nitabaki na matokeo. Mwaka jana nusu ya kidato cha pili walianguka Kiingereza. Unajua niliitwa wapi kujieleza?"

Hatimaye walikubaliana nusu kwa nusu. Kibao kingebaki nje ya mlango katika vipindi vyake pekee, na alama za majaribio ya mwezi zikishuka, lawama ni zake. Huyu si mtu wa ushujaa wa kwenye mikutano. Aliogopa kabla, aliogopa wakati ule, na anaogopa mpaka leo.

Hapo ndipo alipoanzisha anachokiita habari za njia. Dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi, anauliza swali moja: umeona nini njiani leo? Mwanafunzi anajibu kwa lugha yoyote aliyonayo. Akisema Kikurya, mwenzake anageuza kwa Kiswahili. Kikishakuwa Kiswahili, darasa zima linakitafuta kwa Kiingereza, neno kwa neno, na Shamimu anaandika ubaoni.

Siku nne za mwanzo hawakusema kitu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na watoto hawa walikuwa wakitazama mlangoni kuona kama kibao kinawasubiri. Shamimu akawa anasimulia njia yake mwenyewe, jinsi alivyotimua mbio akidhani kisiki ni nyati. Siku ya tano mtu mmoja alicheka. Halafu mvulana wa nyuma akasema kwamba mbwa wa kwao amezaa.

Mbwa huyo alichukua kipindi kizima. Kesho yake walizungumzia daraja la magogo lililosombwa na mvua. Kisha nyayo za fisi. Kwa mara ya kwanza Shamimu akajua jina la tembo kwa Kikurya, inchogu, na kwa mara ya kwanza watoto wakamwona mwalimu akikosea kutamka kitu.

Wegesa alikuwa anaandika kila kitu, lakini kusema hakusema. Tangu siku ile ya nyuma ya ofisi, mwalimu wake hakuwahi kumsikia tena akitamka neno mbele za watu. Hicho ndicho kilichokuwa kinamuumiza Shamimu. Alama D inamtisha, anasema, lakini inamtisha zaidi kwamba yule msichana anaweza kuiona hatari nyingine na kukaa nayo.

Turudi kwenye siku ya ukaguzi.

Saa tatu na nusu msimamizi anashuka kwenye gari la chuo, mwanamume wa makamo mwenye jalada la bluu na kalamu mbili mfukoni. Ofisini, Mwalimu Athanas anamvuta Shamimu kando na kumpa ushauri ambao kila mwalimu wa mazoezi nchini ameupata: fundisha somo la jana. Watakujibu vizuri, mgeni ataondoka ameridhika. Anausema kwa nia njema, na mwandishi anaona hilo usoni mwake.

Shamimu anaingia darasani. Chaki inamkatikia mara mbili. Msimamizi anakaa nyuma, anafungua jalada.

Anafungua andalio la kumfurahisha msimamizi.

Hakuna habari za njia. Anaanza moja kwa moja na ratiba ya siku ya mwanafunzi, kwa Kiingereza kisafi, sauti imepanda kuliko kawaida yake. Wanafunzi wanatazamana. Anauliza swali la kwanza, anajibiwa na wawili. La pili, mmoja. La tatu, hakuna. Ukimya ule wa wiki ya kwanza unarudi polepole, na nyuma kalamu ya msimamizi inatembea.

Dakika ya kumi na mbili, Wegesa anasimama. Hajanyoosha mkono, amesimama tu, ameshika ukingo wa dawati.

"Madamu," anasema kwa Kiswahili, "leo hujatuuliza habari za njia."

Wanafunzi kadhaa wanageuka kumtazama mgeni, kisha mlango. Shamimu anasema kuwa katika sekunde hizo aliiona D ikiandikwa, akaiona cherehani ya baba yake, akatamani mtoto akae. Angeweza kumwambia akae. Maneno yalikuwa mdomoni.

"Umeona nini, Wegesa?" anamuuliza, naye kwa Kiswahili.

Msichana anaanza kwa Kikurya, anakwama, anarudia kwa Kiswahili. Kuna tembo nyuma ya uwanja wa mpira, kwenye migunga. Amewaona akija shuleni, ni wengi kuliko siku ile, na alikuwa akisubiri aulizwe. Halafu, bila kuombwa, anajaribu kwa Kiingereza. Anasema wao ni wakubwa, wao ni karibu, sisi tusiende. Sarufi ya sentensi hizo ingemfanya Mwalimu Athanas ashike kichwa. Kila mtu aliielewa.

Msimamizi ndiye aliyetangulia kuinuka. Kidato cha Tatu walikuwa wametoka na mafyekeo dakika chache kabla, kuelekea uwanjani kwa kazi za mikono. Mlinzi alikimbia, Mwalimu Athanas akampita, na wanafunzi wakarudishwa wakiwa wamebakiza kama mita mia mbili. Kwa macho yake, mwandishi aliona migongo ya kijivu ikisogea kati ya miti, akahesabu saba na kuacha kuhesabu.

Shule nzima ilifungiwa madarasani hadi saa nane, askari wa wanyamapori walipofika na gari na kuwasukuma tembo upande wa pori. Somo la Shamimu halikumalizika.

Alipata alama gani? Hajui. Matokeo hutolewa chuoni mazoezi yakiisha. Kabla ya kupanda gari, msimamizi alimuuliza kile kipengele cha habari za njia kiko ukurasa gani wa andalio. Shamimu akamjibu kwamba kwenye andalio lile hakimo. Msimamizi akamwomba amwonyeshe andalio ambalo kimo. Alilisoma amesimama, akaandika kwa muda mrefu, akafunga jalada, akaaga.

"Sijui aliandika nini," Shamimu anasema. "Uso wake haukusema."

Mwalimu Athanas alikaa peke yake ofisini jioni ile. Alipoulizwa na gazeti hili kama sasa kibao kitaondolewa, alijibu kwamba jambo hilo si la mtu mmoja, litapelekwa kwenye kikao. Aliongeza kwamba makubaliano yake na Shamimu ni ya vipindi vya Shamimu. Akiondoka, Kidato cha Kwanza B kitarudi kwenye utaratibu wa shule mpaka kikao kiamue.

Zimebaki wiki tatu.

Jioni, wakati wa kurudi, tunatembea tena na wale kumi na wanne. Shamimu amepanga chumba kimoja senta, penye maduka, kwa shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, na chakula chake ni elfu tatu kwa siku, ikipatikana. Anasema kitu cha kwanza alichomwambia Wegesa baada ya tembo kuondoka hakikuwa pongezi.

"Nilimwambia, hata siku mimi sipo, hata kibao kikiwa shingoni mwako, ukiona hatari, sema," anaeleza. "Akaniuliza, kwa lugha gani? Nikamwambia, yoyote, mwanangu. Yoyote."

Msichana aliitikia kwa kichwa tu. Na huyo ndiye Wegesa yule yule aliyekuwa amesimama mbele ya mgeni saa chache nyuma.

Usiku huo huo Shamimu alianza kuandika barua kwa mkuu wa shule. Anaomba, akimaliza chuo mwezi Juni, apokelewe hapa hapa kujitolea bila mshahara, Kidato cha Kwanza B, mpaka atakapopata ajira. Baba yake bado hajaambiwa. Chumba hajui atakilipaje. Kama alama ni D, barua yenyewe haitakuwa na maana, kwa sababu Juni atakuwa bado mwanachuo.

"Njia hii naiogopa, na huyo msimamizi namuogopa," anasema kesho yake asubuhi njiani, macho yakiwa kwenye migunga iliyo mbele yetu. "Lakini nataka nirudi kabla hawajanyamaza tena."